Kila pambano kubwa linaniacha na uchungu: je, ngumi zimepangwa?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mwanga, hapa Kigoma, nina miaka 33. Ngumi nimezipenda tangu nikiwa shule ya msingi. Mwaka 2015 tulikesha kwenye banda la video kumsubiri Mayweather na Pacquiao, tukaishia kuona watu wakikimbizana na kukumbatiana raundi 12. Mwaka 2017 nikamwona Golovkin akifanya kazi, halafu jaji mmoja akampa Canelo raundi kumi. Joshua na Fury tuliahidiwa mpaka tukachoka. Hapa nyumbani ndiyo usiseme: anayetangazwa siye anayepanda ulingoni, na mwenyeji akimaliza raundi zote kasimama, ujue kashinda. Wenzangu wanasema ngumi zote zimepangwa, nihamie mpira moja kwa moja. Wewe umewahi kukaa meza ya majaji, niambie ukweli: tunaibiwa? Na kuna namna ya kuziangalia bila kuumia hivi? Halafu mtoto wa dada yangu, ana miaka 17, ameanza mazoezi na amenogewa. Tangu wiki iliyopita akitoka sparingi, yale mazoezi ya kupigana na mwenzake, analalamika kichwa, ila kocha wake anasema ndiyo kukomaa. Nimwache aendelee na mchezo wa wizi kama huu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi na yote nitayagusa, lakini lililo zito kuliko yote umelitupia mwishoni kana kwamba linapita tu. Naanza na kichwa cha huyo kijana, maana hayo mengine yanaweza kusubiri.

Kichwa kuuma wiki nzima baada ya sparingi si kukomaa. Misuli hukomaa, vifundo vya vidole hukomaa, pumzi hukomaa. Ubongo haukomazwi kwa makonde. Umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji, na ngumi inapokizungusha kichwa ghafla, hasa ile ya pembeni inayotua kidevuni, nao husukwasukwa humo ndani. Hutaona damu wala uvimbe, na hata picha ya hospitali inaweza isionyeshe kitu, lakini kazi yake imevurugika na inahitaji muda kutulia. Akipigwa tena kabla haijatulia, konde ambalo siku nyingine angelicheka linaweza kumletea madhara makubwa, na kwa vijana wa umri wake hatari hiyo ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu kanuni za ngumi za ridhaa kwa miaka mingi zimemtaka bondia aliyelala kwa pigo la kichwa akae nje siku zisizopungua 30, bila pambano na bila sparingi.

Kwa hiyo kijana asivae glovu kupigana na mtu yeyote mpaka aonwe na daktari. Mpeleke Hospitali ya Maweni wewe mwenyewe, na umweleze daktari bila kuficha kwamba anacheza ngumi, alipigwa lini, na maumivu yalianza siku gani. Vijana wengi wakifika pale husema tu "naumwa kichwa", wanapimwa malaria, wanarudi nyumbani na vidonge, na jioni wako jimu. Usimpe aspirini wala diklofenaki kabla hajaonwa; panadol inatosha. Na ukiona anatapika, anasinzia kupita kawaida, anachanganya maneno, mboni ya jicho moja imetanuka kuliko ya pili, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, ameanguka degedege, au maumivu yanazidi kila saa, usingoje kukuche. Mkimbize usiku huohuo.

Kocha atakwambia kijana anavaa kofia ya kujikinga. Kofia ile inasaidia sana kuzuia kuchanika usoni, ila haizuii kichwa kuzunguka, na kinachouumiza ubongo ni huko kuzunguka. Nenda ukaongee naye kwa heshima, faragha, si mbele ya vijana wake. Makocha wengi wa mikoani wanafundisha bila kulipwa chochote, na wanarudia yale waliyofanyiwa wao. Muulize kijana anapangwa na nani kwenye sparingi, wanapishana kilo ngapi, wanatumia glovu za aunsi ngapi, na kwa wiki wanapigana kwa nguvu mara ngapi. Kocha anayejali atajibu hata kama ameudhika. Akikucheka, mtafutie kijana kocha mwingine.

Sasa tuje kwenye uchungu wako. Umetia maumivu yako yote kwenye kapu moja ukaliandika "wizi". Yatoe moja moja, maana ya 2015 na ya 2017 hayana asili moja, na ukilikosa chimbuko utamkasirikia asiyehusika.

Tuchukue la Golovkin na Canelo, tarehe 16 Septemba 2017, kwa sababu ndilo linalogusa kazi niliyoifanya. Shabiki huangalia pambano kama habari moja yenye mwanzo na mwisho: nani alikuwa akimfuata mwenzake, nani amevimba uso, nani alimaliza na nguvu. Jaji haruhusiwi kuangalia hivyo. Anaifunga hesabu ya raundi, anaiandika, kisha anaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea kabla yake. Mshindi wa raundi anapata 10, aliyeshindwa 9, na akiangushwa mara moja kwa kawaida anapata 8. Raundi uliyoishinda kwa jabu mbili safi, yale makonde mepesi ya mkono wa mbele, na raundi uliyomtesa mwenzako dakika tatu nzima bila kumwangusha, kwa kawaida zote zitasomeka 10-9. Fanya hesabu mwenyewe: bondia akishinda raundi saba kwa tofauti ndogo na kupoteza tano kwa kichapo cha wazi, kadi inatoka 115-113 kwake. Banda zima litapiga kelele kwamba amebebwa, na kwa kanuni zilizopo hakubebwa hata kidogo.

Kuna na suala la macho. Majaji watatu hukaa pande tatu za ulingo, na kiti chao kiko chini. Usoni mwako kuna kamba, miguu na sakafu ya ulingo. Mabondia wakienda kwenye kamba za upande wa pili, unachokiona ni mgongo wa mmoja wao, na mara mwamuzi naye anapita katikati. Konde lililotua tumboni unalisikia kuliko unavyoliona. Nyinyi kwenye runinga mnaangalia kwa kamera iliyo juu, inayozunguka, na mnarudishiwa pigo taratibu. Upande mwingine, runinga nayo inadanganya kwa namna yake: makonde mengi yanayoshangiliwa yametua kwenye glovu na mikono ya mkingaji, na mtangazaji akishampenda mtu tangu raundi ya kwanza, masikio yako yanamfuata. Kitu cha kwanza jaji anachofundishwa kutafuta ni konde safi lililofika, halafu ndiyo aangalie nani anashambulia kwa faida, nani anautawala ulingo na nani anakinga vizuri. Kusonga mbele tu huku unapigwa hakukupi raundi.

Ukiyajua hayo, zirudie kadi za usiku ule. Jaji Dave Moretti aliandika 115-113 kwa Golovkin. Don Trella akaandika 114-114. Adalaide Byrd akaandika 118-110 kwa Canelo. Mimi nilimwona Golovkin ameshinda, lakini mtu akiniletea sare sitagombana naye, raundi kadhaa zilikuwa ngumu kweli kuzitenganisha. Ile ya tatu inampa Canelo raundi kumi na Golovkin mbili, na hiyo siwezi kuitetea hata kwa macho ya kiti cha chini. Ila kadi mbovu na kadi iliyonunuliwa zinafanana kwenye karatasi. Ili useme imenunuliwa unahitaji kuonyesha fedha au maelekezo, na bila hivyo unachoweza kusema kwa haki ni kwamba jaji alifanya kazi vibaya. Kama hilo linakuliwaza kidogo, mwaka 1999 Lennox Lewis alimpiga Evander Holyfield makonde 348 kwa 130 kwa hesabu ya waliokuwa wakihesabu, na pambano likaitwa sare. Jaji mmoja alimpa Holyfield hata raundi ya 5, ambayo Lewis alimbana kwenye kamba akimshushia mvua ya makonde. Walirudiana mwezi Novemba mwaka huohuo, na Lewis akapewa chake.

Wenzako wanaosema "zote zimepangwa" wana ukweli fulani mkononi, ila wameuvuta hadi ukakatika. Wizi upo. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones Jr. wa Marekani alimchapa Park Si-hun wa Korea Kusini kwenye fainali, makonde 86 kwa 32, akanyimwa dhahabu kwa kura 3-2 mbele ya wenyeji. Halafu mashindano yaleyale yakamtunuku tuzo ya bondia bora. Baada ya Olimpiki ya Rio 2016 waamuzi na majaji wote 36 waliofanya kazi pale waliwekwa kando, na uchunguzi wa mwanasheria Richard McLaren uliotoka 2021 ukasema wazi kwamba palikuwa na mfumo wa kuchezea matokeo. Kamati ya Olimpiki ililisimamisha shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa mwaka 2019, ikalifutia utambuzi kabisa mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaanza kulitambua shirikisho jipya, World Boxing. Kwa hiyo sitakwambia mchezo ni msafi. Nakwambia kwamba wizi wa kupanga, wenye watu wanaokaa kuuandaa, ni sehemu ndogo ya yale yanayokuumiza Jumapili hadi Jumapili.

Sehemu kubwa inatokana na jambo moja ambalo mashabiki hawalizungumzi: ngumi za kulipwa hazina ligi. Simba na Yanga hawakutani kwa sababu wamekubaliana kukutana. Ratiba inatolewa na bodi, na hata mzozo ukizuka, kama tulivyoona ukizuka, kila mtu anajua mechi ipo na lazima mtu aijibie. Kwenye ngumi hakuna bodi inayompangia bingwa. Pambano linazaliwa kwenye mkataba, mkataba unaandikwa na promota, yaani mwandaaji wa pambano, na promota karibu kila mara ana bondia wake kwenye kona moja. Yeye ndiye anayelipia ukumbi, tiketi za ndege, hoteli, na mara nyingi hata posho za hao majaji, ingawa uteuzi wao uko mikononi mwa tume inayosimamia ngumi. Mikanda yenyewe iko minne mikubwa, ya mashirika ya WBA, WBC, IBF na WBO, kila mmoja na bingwa wake na ada zake, kwa hiyo mtu anaweza kujiita bingwa wa dunia miaka mitano bila kumgusa anayemtisha.

Yaweke hayo kichwani, kisha angalia jinsi jaji anavyoegemea upande bila kupewa bahasha na mtu. Anafika ukumbini, bango lina sura ya mmoja. Bendi inapigwa anapoingia mmoja. Kila jabu ya huyo inaitikiwa na watu elfu kumi, na konde zuri la mgeni linaangukia kimya. Jaji anajua pia kwamba wiki ijayo kuna pambano lingine na angependa kuitwa. Raundi ikiwa wazi ataiandika ilivyo. Ikiwa nusu kwa nusu, kalamu inajua njia ya kwenda. Raundi tatu za namna hiyo zinatosha kugeuza pambano, na jaji akarudi kwake akalala usingizi mzuri akiamini hajamwonea mtu. Hicho ndicho unachokiona huko mikoani mwenyeji akimaliza raundi zote amesimama. Nimeliona Tabora, naamini umeliona Kigoma, na dawa yake inajulikana: majaji watoke nje ya mji wa bondia, na kadi zisomwe hadharani jina kwa jina, ili kila jaji aibebe yake.

Jambo hilohilo la kukosa ligi ndilo lililokuharibia 2015, ingawa kwa sura nyingine. Usiku wenyewe hukuibiwa. Mayweather alitua makonde 148 na Pacquiao 81. Kadi zilikuwa 118-110, 116-112 na 116-112, na hakuna hata moja ya kunung'unikia. Mtu aliyejenga maisha yake kwenye kutopigwa alifanya kazi aliyoizoea, na yeyote aliyemfuatilia alijua hatabadilika kwa sababu sisi tumekesha. Hasira yako, kama unayo, ipeleke kwenye miaka iliyotangulia. Mazungumzo ya kwanza yalivunjika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, wakigombania utaratibu wa kupima damu kutafuta dawa zilizokatazwa michezoni. Wakati huo Pacquiao alikuwa moto wa kuotea mbali. Desemba 2012 Juan Manuel Márquez akamlaza raundi ya 6, akaanguka kifudifudi bila kutikisika. Walipokutana Mei 2015 mmoja alikuwa na miaka 38 na mwingine 36, tena Pacquiao alipanda na bega bovu, akafanyiwa upasuaji siku chache baadaye.

Kwa nini walisubiri? Kwa sababu kusubiri kunalipa na kupoteza kunagharimu. Kila mmoja alikuwa na wateja wake, runinga yake na promota wake, na kila mwaka uliopita bila pambano ulikuwa unapandisha bei. Nyumba milioni 4.6 zilinunua pambano lile, Marekani zikilipa karibu dola 100 kila moja. Kibiashara halikuwa kosa, lilikuwa kilele. Tulioumia ni sisi tuliotaka pambano la 2010. Na tambo, ndugu yangu, zile za wiki za mwisho, kutazamana macho kwa macho na kusukumana kwenye kupima uzito, ni sehemu ya mauzo. Kadiri pambano linavyokuwa na mashaka, ndivyo tambo zinavyokuwa kali.

La Joshua na Fury ni hivyohivyo. Mwaka 2021 walishatangaziwa tarehe ya Agosti kule Saudi Arabia, kisha msuluhishi Marekani akaamua kwamba Fury anadaiwa pambano la tatu na Deontay Wilder. Fury akaenda kulipa deni lake Oktoba. Joshua akapanda ulingoni London mwezi Septemba na Oleksandr Usyk, akapoteza mikanda. Hapo hakuna aliyepanga matokeo. Kuna mikataba iliyopishana, na shabiki hana kiti kwenye meza hiyo.

Ukitaka ushahidi kwamba tatizo ni nani analipa, tazama kilichotokea fedha ya Riyadh, yaani ya Saudi Arabia, ilipoingia. Mei 2024 Usyk na Fury walikutana, Usyk akashinda kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja, na uzito wa juu ukapata bingwa mmoja asiyepingwa kwa mara ya kwanza tangu Lewis mwaka 1999. Mapromota waliokuwa hawasalimiani walikaa pamoja kwa sababu alipatikana mtu wa kuwalipa wote. Hata saa ilitufaa, maana Riyadh na Kigoma zinatumia saa moja. Mwaka 1974, Ali na Foreman walipigana Kinshasa, ng'ambo ya ziwa lenu na msitu wote ule, na ilibidi waingie ulingoni saa kumi alfajiri ya huko ili watu wa Marekani waangalie usiku wa kwao. Anayelipa ndiye anayeamua hata jua litakuwa wapi. Mimi sioni raha kamili katika hilo la Riyadh: mchezo unaotegemea mfuko mmoja utasimama siku mfuko ukifungwa, na Mwingereza wa kawaida amekuwa akiyaona baadhi ya mapambano makubwa ya mabondia wake kwenye runinga, mbali na kwao. Lakini kama shabiki nimepata kwa muda mfupi mapambano ambayo zamani ningeyasubiri mpaka mabondia wastaafu.

Hapa kwetu kukosa ligi kunazaa kitu kingine, nacho ni rekodi ya kupambwa. Bondia anapewa wapinzani kumi ambao kila mmoja ameshazoea kupoteza, anaandikwa 10-0, halafu bango linasema "hajawahi kupigwa". Hayo si kupanga matokeo, maana yule mpinzani yuko huru kushinda. Ni kuchagua mtu ambaye hawezi. Unaweza kuligundua kabla ya kutoa kiingilio. Fungua BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, kwenye simu, tafuta jina la mpinzani, acha jumla ya ushindi wake uangalie mapambano yake matano ya mwisho: alipigana na nani, alipigwa raundi ya ngapi, uzito gani. Mtu wa kilo 61 miezi mitatu iliyopita ambaye leo anatangazwa kwa kilo 69 ameitwa kuja kuanguka.

Na kumbuka mabondia wetu wenyewe ndio hucheza nafasi hiyo wanapoitwa Ulaya kwa taarifa ya siku chache. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington nyumbani kwake, na hakuna aliyemtarajia kufanya lolote. Alimmaliza raundi ya 2. Miaka minne baadaye, Liverpool, pambano lake na Liam Smith likaishia raundi ya 4 akilalamikia mguu, na mashabiki walewale waliomlaki kwa ngoma wakamgeuka. Nilisikitika kuliko nilivyosikitika kwa kadi yoyote ya Las Vegas. Bondia anayesema "siwezi kuendelea" anajua kitu kuhusu mwili wake ambacho wewe na mimi hatukijui.

Hilo linanipeleka kwenye pambano ambalo, ukiniuliza mimi, ndilo linalotenganisha shabiki na shabiki. Machi 17, 1990, Las Vegas, Meldrick Taylor na Julio César Chávez. Taylor alikuwa na kasi ya ajabu, akashinda raundi nyingi, na kwenye kadi mbili kati ya tatu alikuwa mbele kwa mbali. Lakini kila konde alilolipata lilikuwa zito. Raundi ya 12 alikuwa anameza damu, uso umeumuka, miguu haimtii. Sekunde za mwisho Chávez akamwangusha kwenye kona. Taylor akasimama akishika kamba. Mwamuzi Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, akamuuliza tena, Taylor akawa anageukia kona yake na hajibu. Steele akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili. Sekunde mbili tu, na Taylor angeshinda.

Kuna watu mpaka leo wanauita huo wizi mkubwa kuliko wote. Mimi nauita uamuzi sahihi uliouma kuliko yote. Mwamuzi hana saa ya kuangalia, ana mtu mbele yake. Akimwuliza mara mbili na mtu hajibu, kazi yake imekwisha. Taylor alipelekwa hospitali usiku ule akiwa na mfupa wa usoni uliovunjika, na miaka iliyofuata usemi wake ukawa mzito, hata waliompenda wakapata shida kumsikiliza. Makonde ya usiku mmoja na ya jimu miaka yote yanaandikwa mahali pamoja.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kijana wenu aendelee, wizi wa majaji si hoja yangu ya kwanza. Daktari akimruhusu, akapata kocha anayemlinda, na akaanzia ngumi za ridhaa bila haraka ya kulipwa, sioni sababu ya kumzuia. Ngumi za ridhaa zimeipa nchi hii heshima: Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na Birmingham 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakarudi na shaba. Lakini kama maumivu yanarudi kila anaposhika glovu, aache sparingi kabisa. Kuruka kamba, kupiga begi, mbio na kurusha ngumi hewani peke yake vitamtosha, na hakuna aibu ndani yake. Dada yako naye aambiwe ukweli wote, maana nina wasiwasi hajui kuhusu hicho kichwa.

Wewe mwenyewe, ukitaka kuacha, acha. Hakuna deni unalodaiwa na mchezo huu. Ukitaka kubaki, badilisha namna ya kuangalia. Chukua karatasi, piga mistari 12, mwombe mwenye banda azime sauti ya mtangazaji. Kila kengele ikilia andika 10-9 au 10-8 kabla hujaongea na mtu, na wenzako wafanye vivyo hivyo, kisha mlinganishe kadi zenu kabla ya kusomwa za majaji. Utaona nyinyi watu wa benchi moja mmepishana raundi tatu. Kadi ya jaji ikija ndani ya tofauti zenu, pumzika. Ikija nje kabisa, kama ile ya 118-110, hapo kasirika, na utakuwa na karatasi ya kukasirikia.

Na promota atakapokuja tena hapo Kigoma na bango lake, msikimbilie kiingilio. Muulizeni kwanza mpinzani ni nani na alipima kilo ngapi pambano lake lililopita, majaji wanatoka mji gani, daktari wa ulingoni ni nani, na gari la wagonjwa litasimama wapi. La mpinzani akibabaika, mnaweza kumsamehe. La daktari na gari asipolijibu, bakini nyumbani na fedha yenu.